Tangi Dogo la Maji Chumvi Lina Shida: Anza na Dalili Unayoiona

Mwongozo huu ni wa matangi ya lita 40 hadi 120 yaliyo katika mwaka wake wa kwanza, yenye samaki peke yao au samaki pamoja na matumbawe laini machache. Matatizo yanayoripotiwa na wanaoanza hayatofautiani sana. Maji yakiwa kidogo, kosa dogo hubadilisha hali ya tangi zima kwa siku moja, na mara nyingi mwenye tangi humwaga dawa kabla hajapima chochote. Kwa hiyo karibu kila sehemu hapa inaanza na kipimo.

Namba za kulinganisha nazo ni hizi: joto 24 hadi 27 °C, chumvi 35 kwa elfu, yaani takriban 1.026 kwenye refraktomita (kifaa cha kupima chumvi), pH (kipimo cha asidi na alkali) 8.0 hadi 8.4, amonia 0, nitriti 0, nitrati chini ya 20 mg/l, ingawa samaki peke yao huvumilia hata 40. Uwe na refraktomita, kipimajoto, vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati, na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, iliyojaa maji ya chumvi yaliyokwisha kuchanganywa. Ndoo hiyo ina faida kuliko rafu nzima ya chupa za dawa.

Samaki wanahema haraka au wamekaa karibu na uso wa maji

Hapa tu ndipo unapotenda kwanza na kupima baadaye. Elekeza pampu juu mpaka uso wa maji utibuke, fungua mfuniko, weka jiwe la hewa kama lipo. Kisha pima joto na amonia.

Sababu ya kwanza ni upungufu wa oksijeni. Maji ya chumvi kwenye 25 °C hubeba oksijeni takriban 7 mg/l tu, wakati maji matamu hubeba kama 8, na kiwango hushuka zaidi joto likipanda. Angalia kama pampu imesimama, sifongo ya kichungi imeziba, umeme ulikatika usiku, au kuna utando wa mafuta juu ya maji. Samaki wakitulia ndani ya nusu saa baada ya maji kutibuliwa, umepata jibu.

Ya pili ni amonia. Kwenye pH 8.2 sehemu ya amonia iliyo katika hali yake ya sumu ni zaidi ya mara kumi ya ile ya pH 7, kwa hiyo kiasi ambacho samaki wa maji matamu angekivumilia huunguza matamvua ya samaki wa baharini. Ukisoma 0.5 mg/l au zaidi, badilisha nusu ya maji kwa maji yenye joto na chumvi ileile, acha kulisha kwa siku moja, na tafuta samaki au konokono aliyekufa nyuma ya mawe. Pima tena baada ya saa 12. Dawa ya kufunga amonia inasaidia kwa muda, ila baadhi ya vipimo husoma vibaya baada ya kuitumia, basi usishtuke namba ikibaki juu huku samaki wakiwa wametulia.

Nitriti huogopwa kupita kiasi. Kloridi iliyo ndani ya maji ya bahari huizuia kuingia kwenye damu ya samaki, kwa hiyo kusoma 1 au 2 mg/l si dharura kama ilivyo kwenye maji matamu.

Amonia ikiwa 0 na maji yanatibuka vizuri, lakini samaki mmoja au wawili bado wanahema, wanakwepa mwanga na kuogelea wakiukabili mkondo wa pampu, shuku kimelea Amyloodinium. Hushika matamvua kabla ya ngozi, na vumbi laini la rangi ya dhahabu linapoonekana mwilini samaki ana siku chache tu. Usisubiri kuliona.

Mwisho, sumu ya nje: dawa ya kuua wadudu iliyopulizwa chumbani, rangi mbichi, mikono yenye sabuni au losheni. Badilisha nusu ya maji na uweke kaboni mpya (mkaa maalumu wa kufyonza sumu) kwenye kichungi.

SIMAMA HAPA: samaki wakiendelea kuanguka mmoja baada ya mwingine ndani ya saa 24 na vipimo vyote ni safi, usijaribu dawa tatu kwa pamoja. Mtafute daktari wa wanyama anayejua samaki. Kama yuko mbali, mpelekee picha ya video ya upumuaji na namba zako zote.

Madoa meupe mwilini

Angalia kwa tochi, kutoka pembeni, kabla ya kuita ugonjwa. Chembe za mchanga na viputo vya hewa hunata kwenye mapezi na kutoka ndani ya saa chache. Kivimbe kimoja au viwili vyenye umbo la koliflawa kwenye ncha ya pezi mara nyingi ni virusi vya Lymphocystis. Huondoka vyenyewe samaki akila vizuri na asiposumbuliwa.

Madoa yanayohesabika, ya ukubwa wa punje ya chumvi, yaliyotapakaa mwilini na kwenye mapezi, karibu kila mara ni kimelea Cryptocaryon irritans. Hapa ndipo wanaoanza hupoteza tangi zima, kwa sababu ugonjwa huu unajifanya kupona. Kimelea hukaa kwenye ngozi siku 3 hadi 7, kisha huachia, huanguka kwenye mchanga na mawe, na kujifungia ndani ya ganda. Mwenye tangi anaona samaki safi na kuishukuru dawa aliyoweka. Baada ya siku kadhaa hadi wiki kadhaa, kila ganda linaachia vimelea vichanga kwa mamia, na madoa yanarudi yakiwa mengi zaidi. Hicho kinachoogelea ndicho dawa inachokiua. Kilicho chini ya ngozi ya samaki na kilicho ndani ya ganda havidhuriki.

Tiba inayotegemewa hufanyika nje ya tangi kuu:

1. Andaa tangi tupu la lita 40 lenye hita, kichungi cha sifongo na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Usiweke mchanga, mawe wala kaboni, kwa kuwa vyote hivyo hufyonza dawa.
2. Hamisha samaki WOTE, hata asiye na doa. Konokono, kamba na matumbawe wanabaki.
3. Tumia dawa ya shaba kwa kiwango kilichoandikwa kwenye chupa, ukikipandisha taratibu kwa siku 2 au 3. Shaba ya kioni (isiyofungwa) na iliyofungwa kikemikali zina viwango tofauti kabisa, na kipimo cha moja hakifai kwa nyingine. Pima kila siku. Chini ya kiwango haiui kimelea; juu ya kiwango inaua samaki.
4. Shikilia kiwango hicho siku 30.
5. Acha tangi kuu bila samaki siku 76. Kimelea kisichopata samaki hufa.

Usiweke shaba kamwe kwenye tangi lenye mawe, hata kama huna matumbawe leo. Mawe yataihifadhi na kuitoa miezi baadaye, na kamba wote watakaoingia watakufa. Usichanganye shaba na dawa ya kufunga amonia, kwani baadhi yake huigeuza shaba kuwa kali zaidi kwa samaki. Amonia kwenye tangi la tiba ishushe kwa kubadilisha maji, ukirudishia shaba ya maji uliyoyatoa. Dawa zinazotangazwa kuwa ni salama kwa matumbawe hazistahili fedha zako kwa ugonjwa huu.

Samaki akiacha kula kabisa ndani ya shaba kwa siku mbili, badilisha maji ili kiwango kishuke, kisha uombe ushauri wa daktari kabla ya kupandisha tena.

Kinga ni ileile inayorukwa na wengi: kila samaki mpya akae peke yake kwenye tangi la pembeni wiki 4 kabla ya kuingia tangi kuu.

Chumvi haitulii: leo 1.023, wiki ijayo 1.029

Maji hupanda kama mvuke, chumvi hubaki. Tangi la lita 60 lenye mawe na mchanga lina maji kama lita 50 tu. Likipoteza lita 1 kwa siku bila kujazwa, siku ya tano chumvi imetoka 35 hadi karibu 39 kwa elfu. Chora mstari kwenye kioo, na kila siku jaza MAJI YASIYO NA CHUMVI hadi hapo. Kosa linaloripotiwa zaidi ni kujazia maji ya chumvi.

Kama unajaza vizuri na namba bado inaruka, shuku kifaa. Haidromita ya plastiki yenye mshale hudanganywa na kiputo kidogo cha hewa kilichonata kwenye mshale. Igonge taratibu usome tena. Refraktomita irekebishe kwa myeyusho maalumu wa 35 kwa elfu. Kuirekebisha kwa maji safi hadi 0 kunaweza kuficha kosa pale juu unapopima kweli.

Kisha angalia uchanganyaji. Chumvi nyingi za akwariamu hutaka takriban gramu 35 hadi 40 kwa lita, lakini mfuko ukikaa wazi hunyonya unyevu na gramu zilezile zinakuwa na chumvi pungufu, kwa hiyo refraktomita ndiyo iamue. Tia chumvi kwenye maji yanayozungushwa na pampu, kidogo kidogo, na uyaache yakizunguka hadi kesho yake. Ukimwagia maji juu ya lundo la chumvi, kalsiamu huganda kuwa unga mweupe ambao hautayeyuka tena. Na usitie chumvi kavu ndani ya tangi lenye viumbe, hata kijiko kimoja.

Unaposahihisha, usizidi mabadiliko ya 0.002 kwa siku. Samaki huvumilia chumvi kushuka kuliko kupanda. Kamba na konokono hawavumilii lolote kati ya hayo.

Tangi jipya: amonia haishuki

Tangi lililoanzishwa kwa mawe makavu linahitaji wiki 4 hadi 6, pengine 8, bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, wasambae. Lishe bakteria kwa amonia ya 2 mg/l. Tangi liko tayari pale kiasi hicho kinapokwisha ndani ya saa 24 na nitriti inasoma 0. Wiki tatu za amonia isiyosogea si ajabu. Zikipita hizo, fuata mpangilio huu:

Kwanza, umezidisha? Juu ya 5 mg/l bakteria hudumaa. Badilisha nusu ya maji. Pili, maji ya bomba yaliingia bila kuondolewa klorini, au sifongo ilioshwa kwa maji hayo. Oshea vichungi ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi. Tatu, joto liko chini ya 22 °C. Weka hita kwenye 26. Nne, mawe makavu yana masalia ya viumbe waliokufa ndani ya vitundu vyake na yanaendelea kutoa amonia; yanuse, na yakinuka, yaloweke kwenye ndoo ya maji ya chumvi yenye pampu mpaka yaishe kunuka.

Usihangaike na kipimo cha nitrati wakati nitriti bado iko juu. Nitriti huvuruga kipimo hicho na kukifanya kisome zaidi ya kilichopo.

Kama samaki tayari wamo, habari ni nyingine: lisha mara moja kila siku mbili, badilisha robo ya maji kila amonia inapofika 0.25, na usiongeze kiumbe chochote. Kumrudisha samaki dukani kwa mwezi mmoja ni uungwana zaidi kuliko kumtumia kama kianzio.

Konokono na kamba wanakufa, samaki wazima

Kabla ya kuomboleza kamba, angalia maiti. Ganda linalopitisha mwanga, tupu, lililopasuka nyuma ya kichwa, ni ngozi aliyoivua. Mwenyewe amejificha mpaka ganda jipya liwe gumu. Liache, atalila.

Wakifa kweli ndani ya siku 1 hadi 3 tangu waingie, sababu kubwa ni tofauti ya chumvi. Wauzaji wengi huweka samaki kwenye 1.018 hadi 1.020, wewe una 1.026. Pima maji ya mfuko. Viumbe wasio na uti wa mgongo wazoeshe kwa matone, kwa mrija mwembamba, kwa saa 1 hadi 2.

Kwa samaki aliyesafiri saa nyingi usifanye hivyo. Ndani ya mfuko uliofungwa kaboni dioksidi anayoitoa samaki hushusha pH na kuifanya amonia isimdhuru. Mara unapofungua, pH hupanda na amonia ileile hugeuka sumu huku wewe ukidondosha matone kwa utulivu. Elea mfuko dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, fungua, mtoe haraka, na maji ya mfuko yamwage nje. Tangi la kumpokelea liwe limewekwa kwenye chumvi ya muuzaji tangu jana yake, kisha lipandishwe taratibu.

Wakifa wiki kadhaa baadaye: konokono hufa njaa kwenye tangi safi (mmoja kwa lita 8 hadi 10 anatosha kuanzia), wengine hupinduka mchangani wasiweze kujigeuza. Halafu fikiria shaba: mabomba ya shaba ya nyumba, au dawa ya zamani kwenye mawe ya mitumba. Maji ya RO (yaliyochujwa kwa utando maalumu) yaliyopita kwenye resini ya kunasa madini, yakisoma 0 kwenye kipimo cha TDS (vitu vilivyoyeyuka majini), yanamaliza swali la mabomba.

Minyoo yenye manyoya unayoikuta juu ya maiti usiku haikuua. Ilikuja kula. Iache, ila usiishike kwa mikono mitupu.

Maji yana ukungu

Ukungu wa siku ya kwanza ni vumbi la mchanga; kichungi kitaumaliza kwa siku 1 au 2. Weupe kama maziwa unaotokea dakika chache baada ya kutia kemikali ya kupandisha pH, alkali au kalsiamu ni kuganda kwa madini: acha kutia, kagua pampu zisikwame, subiri. Ukungu unaozidi siku hadi siku baada ya kulisha kupita kiasi au kiumbe kufa ni bakteria, nao hula oksijeni. Ongeza mtibuko wa maji, punguza chakula, toa maiti. Viputo vidogo kila mahali: pampu inavuta hewa kwa sababu maji yamepungua.

Utando na mwani

Kahawia kama vumbi, unafutika kwa kidole, wiki ya 2 hadi ya 8: ni diatomu, mwani wa seli moja wanaokula silika ya mawe, mchanga mpya na maji ya bomba. Hakuna la kufanya zaidi ya kufuta na kusubiri.

Nyekundu au zambarau, unabanduka kama karatasi laini: ni sainobakteria. Mara nyingi mkondo wa maji haufiki hapo na uchafu unatua. Ufyonze kwa mpira, sogeza pampu, punguza chakula kwa theluthi. Dawa za antibiotiki zinaufuta, lakini utando unaokufa humaliza oksijeni, na chanzo kinabaki.

Nyuzi za kahawia zinazoteleza kama kamasi, zenye viputo ncha za juu, zinazopungua usiku na kurudi mchana: shuku dinoflajeleti, viumbe wadogo wa seli moja. Hapa ushauri unageuka. Hupenda tangi ambalo nitrati na fosfeti zinasoma 0, kwa hiyo kubadilisha maji mara kwa mara huzidisha tatizo. Simamisha kubadilisha maji, ongeza chakula kidogo hadi nitrati ifike 5 mg/l hivi, fyonza nyuzi mchana zinapoonekana, kisha zima taa siku 3. Konokono wakianza kufa wakati huohuo, utando huo huenda una sumu; vaa glavu na uweke kaboni.

Samaki hataki kula, anajificha, au anapigwa

Siku 3 za kwanza usimsumbue, zima taa. Baadaye jaribu kamba wadogo walioyeyushwa kutoka barafu. Chembe kavu si wote wanaozitambua kuwa chakula. Akiwa ananyemelewa kila anapotoka, panga mawe upya ili mipaka ya wenyeji ivurugike.

Mara nyingine samaki hakufaa tangu mwanzo. Synchiropus splendidus (samaki mandarini) huhitaji wadudu wadogo hai wa mawe makongwe na hufa njaa kwenye tangi jipya. Paracanthurus hepatus (samaki wa buluu mwenye mkia wa njano) hufika sentimita 30 hivi. Chrysiptera wa buluu, rahisi na mgumu kufa, huwatesa wote watakaomfuata. Kwa lita 60 hadi 80 jozi ya Amphiprion ocellaris (samaki klauni) na samaki mmoja mdogo wa mchangani wanatosha, wakiingia kwa kuachana wiki 3.

Joto

Hita ya wati 1 kwa lita inatosha. Hita iliyokwama ikiwaka ndiyo hupika tangi, kwa hiyo tumia kidhibiti joto cha nje kinachoikata. Kushusha: feni inayopuliza juu ya maji hupunguza digrii 2 hadi 4, ila jaza maji mara mbili kwa siku. Usizidi digrii 1 kwa saa.

Usiendelee mwenyewe

Ukihisi mwasho au mshtuko wa umeme ukigusa maji, toa mkono, zima swichi kuu ya chumba, USIGUSE plagi zenye chumvi. Mara nyingi ni hita iliyopasuka au pampu iliyoingia maji. Fundi umeme akague na afunge kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30, kabla hujawasha chochote. Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kisha zipande, ili tone la maji lidondoke kabla halijafika kwenye plagi.

Unyevu kwenye kona: futa, weka karatasi kavu, rudi baada ya saa moja. Ikilowa kutoka kwenye mshono, punguza maji na uhamishe samaki leo. Silikoni mpya haishiki juu ya ile ya zamani. Mshono hukatwa wote na kufanywa upya na fundi wa matangi. Tangi la lita 80 na vitu vyake lina uzito wa takriban kilo 100, usilisukume likiwa limejaa.

Na usichemshe kamwe mawe yaliyotoka baharini au kwenye tangi, wala usiyapige maji ya moto ili kuondoa matumbawe ya Palythoa au Zoanthus. Baadhi yake yana sumu kali iitwayo palitoksini, na mvuke wake umewapeleka watu hospitali. Ukisikia ladha ya chuma mdomoni, homa, kubanwa kifua au misuli kuuma baada ya kuyagusa au kuyakata, toka chumbani na kila aliyemo, nenda hospitali mara moja na utaje neno palitoksini. Madaktari wengi hawajawahi kukutana nayo.